Wifi Aliniambia "Ongeza Kidogo"

Bibi alitema!

Mbele ya kijiji kizima, mbele ya simu zote zilizokuwa zinarekodi, mbele ya mwenyekiti aliyeshika kipaza sauti... Bibi akatema chakula changu kwenye leso. Akaikunja ile leso taratibu, akaiweka pembeni ya sahani.

Mimi niko nyuma ya sufuria, mwiko mkononi, tabasamu limeniganda usoni sijui niliondoe au niliache hapo hapo.

Nikageuka kumtafuta wifi yangu. Maana jamani, ni mtu mmoja tu aliyekionja chakula kile kabla ya Bibi. Yeye! Na aliniambia kiko sawa!

Nikamkuta ameinama, anakusanya vitu vyake kwenye mkoba haraka haraka. Na ndani ya ule mkoba nikaona kwa macho yangu haya... aproni ya Mama Mikate.

Mshindani wangu!

Mwiko ukanidondoka.

Sasa tulieni niwaeleze tulifikaje hapo. Na wewe uliyeanza kuandika kwamba sehemu ya pili iko wapi, pumua. Yote yako hapa hapa.

Mimi ni mpishi. Kijijini kwetu wananiita Mama Mchuzi, na sikujipa mwenyewe hilo jina. Nina mgahawa wangu mdogo nyuma ya soko, meza chache, benchi, na jiko ambalo moshi wake naujua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Mume wangu ni fundi bomba. Dada yake, yaani wifi yangu, ndiye msaidizi wangu. Anamenya, anakatakata, anaosha, anacheka na wateja.

Kucheka na wateja ilikuwa kazi yake kwa sababu mimi siwezi. Niseme ukweli, nina hasira za karibu. Kuna mteja aliwahi kulalamika kwamba nyama ngumu. Nikachukua sahani yake, nikamrudishia hela yake, nikamwonyesha mlango. Tangu siku ile hakuna aliyefungua mdomo kwangu isipokuwa kula.

Nilijivunia sana jambo hilo. Mtaona lilinifikisha wapi.

Balaa lilianza na mafua. Si mnayakumbuka yale mafua yaliyopita kila nyumba? Yalinipata, yakanilaza, yakaondoka. Ila hayakuondoka peke yake, yaliondoka na ulimi wangu!

Asubuhi nilikunywa chai, nikaona maji ya moto. Nikatafuna kitunguu kibichi, nikaona kama natafuna karatasi. Nikanusa sabuni ya kufulia... hola! Nikakaa chini jikoni nikalia kimya kimya, kwa sababu mpishi asiyeonja ni nani huyo? Nani ataingia kwenye mgahawa wake?

Sikumwambia mtu. Hata mume wangu sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba utarudi wiki hii, utarudi wiki ijayo. Haukurudi.

Mwishowe nikamvuta wifi stoo, tukajifungia kati ya magunia ya mkaa.

"Wifi, apa kwamba hutamwambia mtu."

"Naapa."

"Hata kaka yako?"

"Hata kaka. Kwani mimi mropokaji?"

"Sihisi ladha, wifi. Chumvi, sukari, pilipili, vyote sawa. Nahitaji ulimi wako."

Akaniangalia, akafungua mdomo kama anataka kusema kitu, akaufunga.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna, wifi. Nitaonja mimi."

Nilimkumbatia pale pale, masizi yakampaka gauni lote.

Basi ikawa hivyo. Nikipika, namwita. Anachota kwa kijiko, anapuliza, anaonja, anafumba macho kidogo.

"Vipi?"

"Ongeza kidogo."

Naongeza. Siku nyingine anasema iko sawa, siku nyingine anasema ongeza kidogo. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwonjaji wa kweli, hanifichi kitu.

Na biashara haikuyumba hata kidogo. Tena juisi ilikuwa inatoka kuliko zamani! Mtu anakula nusu sahani anaagiza juisi, anamaliza sahani anaagiza nyingine. Nikamwambia wifi, mkono wangu wa juisi siku hizi umekubali. Nikanunua na ndoo nyingine kabisa.

Endelea kusoma, halafu uje unicheke.

Nyumbani pia hakuna aliyesema neno. Mume wangu alianza tabia ya kuweka jagi zima la maji mezani kabla ya kula. Anakula kimya, anakunywa, anakula, anakunywa. Nikafikiri ni ushauri wa kiafya ameusikia redioni.

Sasa ikaja siku ya tamasha la chakula.

Hili tamasha tunalifanya kila mwaka kwa ajili ya nyumba ya wazee wetu, wale wasio na wa kuwatunza. Wapishi wa kijiji wanapika, watu wananunua kuponi, kinachopatikana kinakwenda kwa wazee. Mwaka huu kilihitajika kweli kweli. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la jiko lao, wakawa wanapikiwa chini ya turubai, na mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya kila jioni.

Na sufuria kubwa, ile ya katikati ya uwanja, mwaka huu nilipewa mimi. Mchuzi wa nyama na viazi wa kijiji kizima!

Tamasha letu lina sheria moja, na haivunjwi. Mdomo wa kwanza ni wa wazee. Hakuna anayegusa chakula, si mwenyekiti, si mgeni wa heshima, mpaka mkubwa wa umri kati ya wazee, ndiye huyo Bibi, aonje na aseme neno lake. Akisema ni kizuri, ndipo kuponi zinaanza kuuzwa. Mwenye ruhusa ya kuonja kabla yake ni mpishi na msaidizi wake tu.

Mpishi na msaidizi wake. Mnaona mtego huo?

Usingizi ulipaa. Nikaanza kumfuatilia wifi kwa macho, kwa sababu maisha yangu yote yalikuwa kwenye ulimi wake. Na ndipo nikaanza kuona mambo.

Nilimwona nyuma ya duka la Mama Mikate, wananong'ona. Nikapita, wakanyamaza!

Kesho yake tena. Safari hii Mama Mikate amemshika bega.

"Mlikuwa mnaongea nini?" nikamuuliza wifi aliporudi.

"Mambo ya kawaida tu."

"Mambo ya kawaida yananong'onwa?"

"Wifi jamani, wewe nawe! Nilienda kununua mkate."

"Uko wapi huo mkate?"

Akababaika. Mkate haukuwepo.

Mama Mikate ndiye aliyepika sufuria kubwa mwaka uliopita. Mwaka huu kaishia kupewa meza ya mikate pembeni. Nikajumlisha mwenyewe. Wananizunguka! Lakini ningefanya nini? Nikimfukuza wifi, nani ataonja? Nikamweka karibu, roho mkononi.

Siku yenyewe ikafika. Tulikoka moto mapema, kuni mbichi, moshi unatutoa machozi. Upande wa pili nesi wa wazee naye alikuwa na sufuria yake ya maharage yasiyo na chumvi kabisa, kwa ajili ya wazee na wote wenye presha. Kila mwaka anaipika, na kila mwaka hakuna foleni pale. Hata wenye presha wenyewe wanapita mbali, wanajitia hamnazo.

Mimi sikuweza kutulia. Nakaa nasimama. Nafunika nafunua.

"Wifi, onja."

Akaonja. "Ongeza kidogo."

Nikaongeza. Lakini kidogo ya sufuria ya mgahawani ni ncha za vidole. Kidogo ya sufuria ile, ambayo mtoto angeweza kuogea, ni kiganja kizima!

Nikazunguka mara mbili, wasiwasi ukanirudia.

"Wifi, hebu onja tena."

"Mmh... ongeza kidogo."

Kiganja.

Watu wakaanza kujaa. Viti vya plastiki vikaisha. Spika zikaanza kukoroma. Mama Mikate akapita, akamkonyeza wifi. Nikaona!

"Wifi! Onja."

"Si nimeonja sasa hivi?"

"Onja!"

Akaonja, jasho likimtoka. "Kidogo tu, wifi. Kidogo... halafu basi, iko sawa."

Kiganja!

Sasa mnajua kwa nini Bibi alitema.

Turudi pale uwanjani, pale mwiko ulipodondoka.

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mtu wa busara. Akajichekesha kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu, msishtuke. Bibi yetu ni wa maharage ya nesi, hajagusa chumvi miaka mingi. Kwake hata chozi lina chumvi nyingi!"

Watu wakacheka. Nikapumua. Nikasema moyoni, asante Mungu, asante presha ya Bibi.

"Ngoja niwahakikishie mwenyewe," akasema mwenyekiti. Akachota kijiko, kijiko kilichojaa, akakipeleka mdomoni.

Macho yakamtoka.

Akajaribu kumeza, koo likakataa. Akaweka kipaza sauti mezani, akanyoosha mkono hewani.

"Maji," akasema. "Nipeni maji."

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Muuza kuponi akafunga mkoba wake. Watu wa mbele wakaanza kusimama. Nikatazama juu, wingu limetanda, nikalikumbuka lile turubai la jikoni kwa wazee. Nilitamani ardhi inimeze na sufuria yangu.

"Hii si bahati mbaya!" mtu akapaza sauti. "Mama Mchuzi hawezi kukosea hivi! Kuna mkono wa mtu!"

"Angalieni mkoba wa huyo dada!" mwingine akadakia. "Ile si aproni ya Mama Mikate?"

Vichwa vyote vikageuka. Wifi akasimama katikati ya uwanja, mkoba umekumbatiwa kifuani, aproni imechomoza juu.

"Umelipwa?"

"Umemharibia wifi yako?"

"Sema!"

Mama Mikate akapiga makelele kutoka kwenye meza yake, "Msiniingize kwenye mambo yenu! Mimi nimeuza mikate tu!"

Mume wangu akapenya mpaka mbele. "Dada," akamwambia. "Wewe ndiye uliyefanya hivi?"

Wifi akanitazama mimi.

Nilielewa mtazamo ule. Alikuwa na neno moja tu la kusema na lawama zote zingenihamia. Angesema tu, "Mwulizeni Mama Mchuzi kwa nini hakuonja mwenyewe." Basi. Mgahawa kwisha, jina kwisha.

Hakusema. Akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Alikuwa ameapa stoo, na anatunza kiapo chake huku kijiji kikimtafuna!

Nami... jamani, sitawadanganya. Kwa muda pale nilikaa kimya. Nilikuwa na hasira naye. Aproni ilikuwa mkobani mwake, si nilikuwa nimeiona? Acha akione cha moto! Yeye atasemwa wiki mbili yataisha, mimi nikijulikana ndiyo mwisho wangu.

Mwanamke mmoja akamsukuma begani. Wifi akayumba. Hakujitetea.

Nikajikuta nimeshika kipaza sauti.

"Mwacheni!"

Spika zikapiga mluzi. Wote wakanigeukia.

"Chumvi niliiweka mimi. Kwa mkono huu. Niliiweka kwa sababu sionji! Tangu yale mafua, sihisi ladha ya kitu chochote. Nimewapikia miezi yote hii nikiwa sijui ninachowapa. Nimewaficha ninyi, nimemficha mume wangu. Huyu alikuwa ananisaidia kuonja. Kama amenidanganya kwa ajili ya watu wengine, hilo ni langu mimi na yeye, lakini hakuna atakayemgusa!"

Wifi akainua uso. Kamasi, machozi, masizi, vyote pamoja.

"Wifi..." akasema.

"Nini?"

"Mimi pia."

"Wewe pia nini?"

"Mimi pia sionji!"

Nikashika ukingo wa meza.

"Tangu mafua yale yale," akaendelea, analia kwa kwikwi. "Siku ile stoo nilitaka kukwambia. Nikakuangalia ulivyokuwa umevunjika moyo... nikashindwa. Nikasema nitakisia tu mpaka ulimi wangu urudi."

"Sasa 'ongeza kidogo' ilikuwa ya nini?"

"Ningesema kila siku iko sawa, ungeshtuka! Mwonjaji gani hana hata neno? Kwa hiyo siku moja nasema iko sawa, siku nyingine nasema ongeza kidogo. Ionekane kweli nimeonja!"

"Na leo?"

"Leo uliniita mara nyingi, wifi! Nilichanganyikiwa! Kila ukija una sura ile, nikaona nikisema iko sawa huniamini!"

"Na aproni?"

Hapo Mama Mikate akajibu mwenyewe, mikono kiunoni.

"Alikuja kuniomba kazi! Alisema anataka kazi ya kupima, si ya kuonja. Unga unapimwa kwa kikombe, chumvi kwa kijiko, hamira kwa kijiko. Mkate hauonjwi. Alisema hawezi kuendelea kukudanganya, ila hakutaka kukuacha kabla ya tamasha. Aanze Jumatatu. Nilimpa aproni, ndiyo kosa langu hilo?"

Nilimfikiria wifi yangu, amefumba macho juu ya kijiko, anakisia, kila siku, peke yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mara mume wangu akapiga kelele.

"Kumbe!"

Wote tukamgeukia.

"Kumbe ndiyo maana! Mke wangu, mimi nilidhani unanikomoa kwa sababu sijatengeneza bomba la jikoni!"

"Sasa kama ulidhani hivyo, kwa nini hukulitengeneza?"

"Nililitengeneza! Chakula kikaja vile vile! Nikajua sijasamehewa!"

Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Mteja mmoja akainua mkono kama yuko darasani.

"Mama Mchuzi, na sisi tunakiri. Ile juisi tulikuwa tunakunywa ili tuweze kumaliza sahani."

"Kwa nini hamkusema?"

Wakatazamana.

"Tukuambie wewe?" akauliza kwa upole.

Nilistahili.

Na ndipo Bibi, ambaye wote tulikuwa tumemsahau na leso yake, akagonga kijiko kwenye sahani. Ko, ko, ko.

"Mmemaliza kulia?" akauliza. "Tuna njaa. Yale maharage ya nesi hayana chumvi hata punje. Huu mchuzi una chumvi ya kijiji kizima. Mnasubiri nini?"

Tukatazamana. Nesi akaruka.

"Bibi! Yale ni ya wazee na wenye presha!"

"Tutoleeni yetu kwanza, wekeni pembeni. Yanayobaki yamwageni humo. Kwani miaka yote nani anayamaliza?"

Nesi akachukua upawa, akaanza kutoa ya wazee.

Jamani, tulibeba ile sufuria watu wanne. Tukayamwaga maharage kwenye mchuzi, Mama Mikate akachukua mwiko upande mmoja, wifi upande mwingine, wakakoroga. Mwenyekiti akaonja, safari hii ncha ya kijiko tu kwa woga. Akatafuna. Akachota tena. Akanyang'anya mtu sahani.

Tukampelekea Bibi. Nesi akamruhusu tone dogo la kijiko cha chai, si zaidi. Bibi akaliweka ulimini, akakaa nalo muda mrefu sana.

"Uzeni kuponi," akasema.

Ziliuzwa zikaisha. Kwa sababu chakula sasa kilikuwa kingi kuliko tulivyopanga, wakachapa kuponi nyingine kwenye karatasi za daftari. Mvua ya kwanza ilipokuja, nilikuwa jikoni kwa wazee namsaidia nesi, chini ya bati jipya lililonunuliwa kwa kuponi zile, hatusikilizani kwa kelele za maji. Nilitoka pale nimelowa mashavu tu, kwa machozi.

Aproni wifi aliirudisha. Mwenyewe. Nilimwambia aende kama anataka, nisingemzuia. Akasema mkate unaamkiwa alfajiri mno.

Mgahawa haukufa. Nimeweka kijibakuli cha chumvi kila meza, mtu ajiwekee, na nimebandika ukutani maandishi makubwa: KIKIWA KIBAYA, SEMA. Mwanzoni walisoma wakidhani ni mtego.

Somo langu ni hili, mlichukue mkitaka. Nilimwomba wifi anibebee mzigo wangu, na sikumuuliza hata siku moja kama yeye yuko sawa. Yalikuwa mafua yale yale, nyumba zile zile! Swali moja tu lingetosha. Na ukiwa mkali kiasi kwamba hakuna anayethubutu kukwambia ukweli, utakula uongo na utausifia. Mimi nilinunua na ndoo ya juisi kabisa!

Mnauliza nani anatuonjea siku hizi?

Bibi. Kila asubuhi nesi anamleta polepole mpaka jikoni kwetu, tunamwekea kiti karibu na dirisha. Tone moja tu la kijiko cha chai, nesi amesimama juu yake kama polisi.

Jana aliweka ulimini, akafumba macho, akatafakari weee.

"Vipi, Bibi?" tukamuuliza mimi na wifi kwa pamoja.

Akafungua jicho moja, akamchungulia nesi.

"Ongeza kidogo," akasema.

Tukapiga kelele wote watatu, "HAPANA!"